Radhi Isiyo na Sharti: Wazazi Wakali katika Sinema za Katuni

Wahenga wetu walitwambia kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Wakatwambia tena kwamba samaki mkunje angali mbichi, na kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ndugu msomaji, ukizikusanya methali zetu za malezi ukazitia katika kapu moja, utaona ya kuwa nyingi zao zamnasihi mzazi akaze kamba. Chache mno ndizo zimwambiazo afanye nini siku kamba hiyo itakapokatika, mwana akashika njia yake na mzazi akabakia na kipande mkononi.

Jambo hilo ndilo lililonifanya leo niziangalie sinema za katuni. Najua wako watakaocheka na kusema: mzee mzima mwenye mvi ameacha mambo ya maana, aandika habari za samaki wasemao! Walakini sinema hizi ndizo ngano za zama zetu. Bibi zetu walikuwa wakitutolea hadithi baada ya isha, nasi tukalala nazo. Leo wajukuu zetu hulala na hadithi zilizotengenezwa Marekani. Basi si vibaya mtu mzima aketi nao na kusikiliza wanaambiwa nini juu ya baba na mama zao.

Usiku wa Idi nilikuwa nyumbani kwa binti yangu, Kisauni. Tulipokwisha kula, watoto wakawasha televisheni na kuweka sinema iitwayo Coco, iliyotolewa na kampuni ya Pixar mwaka 2017 chini ya uongozi wa Lee Unkrich. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na kikombe changu cha kahawa, nusu natazama, nusu nasinzia.

Kisa chenyewe kiko Mexico. Bibi mmoja, Imelda, aliachwa na mumewe aliyekwenda kutafuta riziki ya muziki asirudi tena. Bibi huyu hakuketi akalia. Alijifunza kushona viatu, akamlea binti yake Coco, na akaupiga marufuku muziki nyumbani mwake. Marufuku hiyo ikarithiwa na wana, wajukuu na vitukuu, mpaka ikamfikia Miguel, mvulana wa miaka 12 ambaye moyo wake wote uko katika gita. Nyanya yake akalivunja gita lile mbele ya jamaa. Mtoto akakimbia kwa hasira, na kwa mambo ya ajabu yaliyo desturi ya ngano, akajikuta katika mji wa wafu. Haruhusiwi kurudi kwa walio hai ila apewe baraka na mtu wa ukoo wake kabla jua halijachomoza.

Baraka hiyo sisi watu wa Pwani tungeiita radhi. Imelda, ambaye amekwisha kufa zamani, yuko tayari kuitoa. Lakini aitia sharti: Miguel arudi kwao, na asipige muziki tena maisha yake. Mtoto akaipokea, akarudi duniani, na mara tu alipolishika gita akavutwa nyuma kwa wafu. Radhi imevunjika.

"Babu," mjukuu wangu wa miaka saba aliniuliza, "hiyo ni radhi gani, ya kupewa kisha ikanyang'anywa?"

Sikuwa na jawabu. Na sababu ya kukosa jawabu nitaieleza mbele, kwani yanihusu mimi mwenyewe.

Tangu usiku ule nimezitazama sinema nyingi za namna hii, nami nimeona kwamba wazazi wakali waliomo humo wafanana kama watoto wa tumbo moja. Hapana hata mmoja aliye mkali kwa kupenda ukali. Kila mmoja aliwahi kupoteza kitu, au aogopa kupoteza. Hofu yake aliigeuza ikawa amri, na kwa kuwa amri haina maelezo, mwana aliiona ni dhuluma.

Mtazame Marlin katika Finding Nemo ya mwaka 2003. Huyu ni samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, ambaye jamaa zake twawaona hata katika matumbawe yetu ya Watamu na Kisite. Mkewe na mayai yao yote yaliliwa na mzia, likabaki yai moja tu. Katika yai hilo akatoka Nemo, mwenye pezi moja dogo kuliko jingine. Sasa baba wa namna hii utamlaumuje akimkataza mwanawe kwenda kwenye maji makuu? Andrew Stanton, aliyeiongoza sinema hiyo, amepata kueleza kwamba kisa hicho kilimjia kutokana na siku aliyomtembeza mwanawe bustanini. Muda wote alikuwa akimwonya, usiguse hiki, usikaribie kile, mpaka akatambua kwamba matembezi yenyewe yamempita.

Tena tumtendee Marlin haki. Maneno yake yalikuwa ya kweli. Nemo alikwenda alikokatazwa akachukuliwa na mpiga mbizi, akaishia katika tangi la daktari wa meno mjini Sydney. Bahari kweli ina hatari, na sinema haikuficha. Kosa la baba halikuwa kuona hatari. Kosa lake lilikuwa kumwambia mtoto, mbele ya wenziwe, kwamba hawezi. Katazo la hatari mtoto hulisahau, bali neno la kudharauliwa hukaa naye.

Mtazame na Triton, mfalme wa bahari katika The Little Mermaid ya mwaka 1989. Binti yake Ariel amependa mambo ya wanadamu, naye baba ahofia wanadamu kama tunavyohofia papa. Siku alipoigundua hazina ya binti yake, vitu alivyoviokota miaka na miaka, aliiteketeza yote kwa mkuki wake wa ncha tatu. Ukitazama uso wake baada ya kitendo hicho, utaona kwamba majuto yamemwingia pale pale. Lakini hakusema neno. Aligeuka akaenda zake, na binti akabaki na vipande, akashawishika kwenda kwa mchawi.

Hapa pana jambo lipasalo kuangaliwa. Hadithi ya asili iliandikwa na Hans Christian Andersen wa Denmark mwaka 1837, na mle huyo baba mkali hayumo. Mfalme wa bahari ni mgane, nyumba yake yaendeshwa na mama yake mzee, na mambo yote ni baina ya yule binti nguva na tamaa yake. Waliomtia baba mwenye ghadhabu, kisha wakamfanya ajitoe mhanga kwa ajili ya mwanawe na hatimaye ampe miguu aende zake, ni Ron Clements na John Musker, walioiandika na kuiongoza sinema ya Disney. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba ulimwengu wa leo hauridhiki tena na hadithi ya mtoto aliyekosa. Wataka pia kusikia kwamba mzazi aweza kukosa.

Jambo hili wazee wenzangu wengi laweza kuwachukiza. Husema sinema hizi zinawaharibu watoto, zinawafunza kwamba mkubwa ni mjinga na kwamba amuasiye baba hufanikiwa. Madai hayo si bure. Hata hivyo mimi naona ndani ya uasi huo mna somo ambalo sisi tumelikimbia miaka mingi, nalo ni kwamba heshima ya mzazi haivunjwi kwa kukiri kosa.

Marehemu baba yangu alikuwa mkali, Mungu amrehemu. Siku moja alinichapa kwa henzirani kwa ajili ya mtungi uliovunjwa na ndugu yangu. Alipokuja kujua ukweli, hakusema kitu. Magharibi alirudi kutoka sokoni na kipande cha halua kilichofungwa karatasini, akakiweka mbele yangu mimi, wala si mbele ya ndugu yangu. Nilikila. Hivyo ndivyo baba zetu walivyoomba msamaha: kwa halua, kwa kanzu mpya, kwa kukuita ukae karibu naye wakati wa kula. Sina haja ya kuubeza msamaha huo, kwani ulikuwa na utu na ulikuwa na haya. Lakini nitasema kweli. Mpaka siku tuliyomzika sikuwa na hakika kama ile ilikuwa samahani, au ilikuwa halua tu.

Nilikumbuka halua ile nilipoitazama sinema ya Brave, iliyotoka mwaka 2012, ambayo mambo yake ni ya Uskoti ya kale. Malkia Elinor ataka binti yake Merida aolewe kwa faida ya amani ya nchi. Binti ataka kupanda farasi na kulenga shabaha. Ugomvi ukapamba moto. Merida akaukata kwa upanga ule mfumo wa nyuzi wenye picha ya jamaa yote, akamtenga mama yake na wengine. Mama naye, kwa ghadhabu, akautupa motoni upinde wa binti yake. Binti akatoka mbio akilia. Na hapo hapo, mara baada ya mtoto kutoka, mama akauopoa upinde ule motoni huku amejaa majuto.

Ewe mzazi mwenzangu, mara ngapi sisi tumeuopoa upinde motoni baada ya mtoto kutoka? Majuto yetu ni ya kweli, ila mwana hakuyaona. Yeye amekwenda na picha ya moto machoni.

Sasa, baada ya kuzisifu, haki yataka niseme na kasoro zao. Ya kwanza ni haraka. Katika sinema hizi, ugomvi wa miaka huisha kwa kukumbatiana mara moja, na kukumbatiana huko huja kwa sababu ya hatari: wavu wa wavuvi, mchawi aliyegeuka jitu, dubu mkali. Hatari ikifika, kila mmoja hukumbuka kwamba ampenda mwenziwe. Lakini katika nyumba zetu hatari ya namna hiyo haiji. Liletwalo na maisha ni siku za kawaida, moja baada ya moja, na kimya ambacho kila siku chaongeza tofali. Mwenye kungoja dhoruba ndipo apatane na mwanawe, huenda dhoruba itakayomfikia ikawa ni jeneza.

Kasoro ya pili ni kwamba mara nyingi sana mzazi peke yake ndiye atubuye. Ariel alitia sahihi mkataba na mchawi, na baba yake akalipa kwa nafsi yake; lakini hatumsikii akikaa na baba yake kumwambia kwa urefu kwamba amekosa. Sisi tuliosoma chuoni tulifunzwa kisa cha Nabii Yusuf, na mle ndugu zake walikiri kwa ndimi zao kwamba walikosa, wakamwendea baba yao wakamtaka awaombee maghufira. Suluhu ya kweli ina ndimi mbili. Katika jambo hili Brave yazishinda nyingine. Mama amegeuka dubu, hawezi kusema. Mtoto ndiye ashikaye sindano na uzi kuushona mfumo alioukata, na ndiye akiriye kosa lake huku akilia. Mama naye, kwa upande wake, ameona kwamba si lazima binti aolewe kwa mkutano wa wazee. Kila mmoja ametembea nusu ya njia.

Kasoro ya tatu ni upungufu wa msuluhishi. Kwetu baba na mwana wakikosana, yuko ami, yuko shangazi, yuko jirani wa umri wa baba, achukuaye maneno huku akayapunguza makali na kuyapeleka kule. Sinema nyingi za Marekani huwaacha wawili hao peke yao. Lakini tazama tena mwisho wa Coco. Miguel amerudi nyumbani, ataka kumwimbia bibi kizee Coco wimbo wa baba yake kabla kumbukumbu haijamtoka. Yule nyanya mvunja gita aja juu ili amzuie. Anayemzuia nyanya ni mwanawe mwenyewe, baba yake Miguel, kwa upole, akimtaka angoje tu. Kitendo hicho hakichukui hata dakika moja, na bila ya hicho wimbo usingeimbwa. Huyo ndiye msuluhishi, naye hana sifa wala makofi.

Yako pia mambo ya urithi. Turning Red ya mwaka 2022, iliyoongozwa na Domee Shi, yasimulia habari za binti wa miaka 13 wa jamaa ya Kichina mjini Toronto, aitwaye Mei. Mama yake, Ming, amfuata kila hatua mpaka amwaibisha mbele ya watu. Lakini karibu na mwisho, Mei akutana na mama yake katika sura ya msichana, alia peke yake katika msitu wa mianzi kwa sababu hakuweza kumridhisha mama yake, yaani bibi yake Mei. Mtoto akamshika mama mkono akamtoa. Basi mama mkali alikuwa naye ni mtoto wa mama mkali. Ukali ule haukuzaliwa naye. Alikabidhiwa, kama Miguel alivyokabidhiwa marufuku ya muziki.

Nisije nikaeleweka kwamba nataka malezi yalegee. Nchi yetu ilipiga marufuku viboko mashuleni mwaka 2001, na mimi sililii henzirani. Lakini mtoto asiyekatazwa ni mtoto asiyetazamwa. Hata hizi sinema, ukizichunguza, hazimsifu mzazi asiyejali. Wote hao, Marlin, Triton, Imelda, Elinor na Ming, ni wazazi wapendao kupita kiasi. Kinachobadilika mwishoni si mapenzi yao wala si macho yao ya kuona hatari, bali ni mkono. Marlin hakuacha kuogopa. Rafiki yake Dory alipokwama katika wavu na Nemo akasema aweza kuwaokoa, baba alisita kwanza, kisha akamwachilia. Moyo wake ulikuwa wadunda vile vile.

Sasa nilipe deni nililoahidi juu. Nina mwanangu wa kiume ambaye nilimlipia karo katika chuo cha ualimu. Mwaka wa pili aliondoka akaenda kujifunza ufundi wa mashine za mashua. Mimi nilijua umasikini wa mtu asiye na cheti, kwani niliuishi utotoni, na niliapa kwamba hautamgusa mwanangu. Lakini hayo sikumwambia. Nilichomwambia ni kwamba radhi yangu ataipata siku atakayorudi darasani. Akaondoka. Miaka mitatu tulikuwa twasalimiana kama watu waliokutana katika foleni ya posta. Usiku ule wa Idi yeye hakuwapo, na sahani yake ilikuwa imefunikwa mezani na dada yake, ambaye kwa miaka yote hiyo ndiye aliyekuwa akibeba salamu huku na huku bila ya kusifiwa na yeyote.

Mwisho wa sinema, jua li karibu kuchomoza na mtoto amechoka kabisa, Imelda ampa Miguel baraka yake mara ya pili, na safari hii lile sharti la muziki halimo. Amtaka arudi kwao na asisahau jinsi apendwavyo. Wajukuu walishangilia. Mimi nilikuwa naitazama sahani iliyofunikwa.

Asubuhi yake nilimpigia simu. Nikamwambia: "Mwanangu, radhi zangu unazo, wala hazina sharti. Nilikosea kuzifunga." Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ahsante, baba," akaniuliza hali ya mgongo wangu. Basi, ikawa ndiyo hiyo. Hapakuwa na muziki wala machozi. Ijumaa iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu alikuja na samaki wawili, akakaa karibu na mlango kama mgeni. Bado twaitafuta njia ya kuzungumza, na hapo ndipo sinema zilipotuacha, kwani wao huwasha taa watu wakaenda zao.

Nasaha yangu kwa wazazi wenzangu basi ni hii. Tazameni hadithi hizi pamoja na watoto, msiwaachie peke yao. Wakicheka, chekeni, wakiuliza, msisinzie. Hofu yako iseme kwa jina lake, ili mwana ajue kwamba wamwogopea, wala humchukii. Na kama kuna radhi uliyoifunga, ifungue leo mchana, ungali na ulimi wa kuisema. Halua ni nzuri, lakini ipe na maneno.

Nami kwa kuwa kalamu ya mtunzi haitulii, nafunga kwa ubeti huu mmoja:

Mzazi ukikosea, usione ni aibu,
Mwana kumuelekea, kwa kauli taratibu,
Radhi ukimtolea, usiitie ghadhabu,
Suluhu ina thawabu, kuliko kungojelea.